Alama ya Mgombea

Natafsiri taarifa ya habari kwa lugha ya alama, kwenye kile kiboksi kidogo pembeni mwa skrini. Mama yangu ni kiziwi, fundi cherehani. Mikono yangu ilijua kusema kabla ya mdomo.

Wiki tatu kabla ya uchaguzi mhariri aliniita. "Hii alama yako ya mgombea, ngumi mbili zinagongana. Wagombea wenyewe wamelalamika. Wanasema unawafanya mabondia. Tafuta nyingine yenye heshima."

Nikapekua kamusi ya Kiingereza. Neno lao la mgombea, candidate, limetoka Kilatini, candidus, yaani mweupe: Warumi wa kale walioomba kura walivaa majoho yaliyosuguliwa chaki yang'ae. Nikaona nimepata. Kiganja kinasugua bega mara mbili, basi.

Nilimwonyesha mama, nikamweleza na habari ya Warumi. Aliacha kushona, akaitazama chaki yake ya kuchorea vitambaa, akacheka hadi machozi.

"Na joho likifuliwa?" aliuliza kwa mikono.

"Mama, hii ni kazi."

"Sawa, mwanangu. Ila hakuna atakayekuelewa."

Siku nne nilisugua bega. Simu ikajaa ujumbe. Seremala mmoja kiziwi, rafiki wa mama, aliuliza kama nimeteguka. Mwingine alidhani nawataja wagonjwa, akashangaa kwa nini tunapanga foleni kuwachagua. Huo sikuucheka. Watu hawa hawasikilizi redio. Habari yao ni mimi, na kwa siku nne nilikuwa nimewafungia mlango.

Nikamrudia mhariri. "Ile ya heshima haieleweki."

"Watazoea."

"Bosi, Kiswahili chenyewe kinasemaje? Mgombea. Anagombea. Si ugomvi huo? Msomaji wetu wa habari analitamka kila siku. Mbona hilo hawalilalamikii?"

Alilitamka neno taratibu, kama analionja kwa mara ya kwanza.

"Kumbe," alisema. "Na wakinipigia tena?"

"Waambie hivyo hivyo."

Alivuta karatasi zake, nikatoka.

Jioni ile nilirudisha ngumi. Habari ya kwanza ilikuwa na wagombea saba, nikazigonga ngumi mara saba. Nilipofika nyumbani mama alikuwa ameniwekea chakula. Alisema ameelewa yote, ila nilikwenda mbio mno, kesho nipunguze.