Kiti cha Msaidizi

Jumanne tarehe tisa Machi 1999, asubuhi, toroli la magogo lilikataa kusimama, na mke wangu Ida akafa. Kazi yake pale kiwanda cha mbao Njombe ilikuwa kuweka kabari chini ya gogo. Kitufe chekundu kilibonyezwa, watu wote tuliona, lakini toroli likachelewa kusikia.

Wakubwa walisema ni bahati mbaya. Kiwanda kilikuwa kimeuzwa kwa mwekezaji, na serikali iliyokiuza ikatuambia tukalalamike kwa mwekezaji. Mwekezaji naye hatukuwahi kumwona. Tulimwona bosi Filbert tu, na Filbert, baada ya matanga, alimpa binti yangu Elina kabari ya mama yake. Eti nafasi ni ya familia.

Masika yaliyofuata akaja fundi Halfan kutoka Makambako. Alifungua sanduku la chuma ukutani, akanionyesha bodi inayoendesha mota ya toroli.

"Mzee Hezekia, huyu mdudu mweusi ndiye ubongo. Kazi zote ni zake. Awashe taa, ahesabu mbao, asikilize kitufe, aamrishe mota. Mwanamke mmoja apike, abembeleze mtoto, apokee wageni. Ugali si utaungua?"

"Utaungua."

"Basi. Mimi nimeleta msaidizi, mdudu wa pili wa kuchomeka kando yake. Yeye ni wa jikoni tu, hapokei mgeni. Kazi yake mota na kitufe, basi."

Filbert akacheka. "Maneno ya dukani hayo, Halfan. Nipimie, nione. Bila tofauti hatununui."

Moyo ulinidunda kama wa kijana. Nilichora mstari wa chaki kando ya reli, palepale Elina anapoweka miguu yake. Toroli likivuka mstari, limeua mtu. Halfan akataka pia kujua kama linasimama kwa utulivu au kwa kushtuka, maana gogo likishtuka hubingirika. Nikakimbia kwa Telesia, muuza ulanzi, ile pombe ya mianzi, nikachukua mbeta mmoja, kile kipande cha mwanzi tunachokingia ulanzi, umejaa mpaka ukingoni. Nikausimika juu ya toroli.

"Mmekosa maji?" Halfan aliuliza.

"Maji yakimwagika nani atasikia uchungu?"

Kiwanda kizima kiliacha kazi. Kwanza bila msaidizi. Halfan aliuelemeza ubongo kwa kila kazi, taa zikawaka, hesabu zikaanza kukimbia, kisha Elina akabonyeza. Toroli likaenda, likaenda, likavuka chaki, likashtuka. Mbeta ukaanguka. Nilitazama pale lilipofika nikamwona Ida.

Halfan akachomeka msaidizi, akaingiza maagizo mapya. Nikaleta mbeta mwingine. Elina akabonyeza. Toroli likasimama kabla ya chaki, kwa upana wa kiganja! Tukapiga kelele. Lakini juu ya mbeta povu likapanda, likafurika, likatiririka mpaka kwenye reli.

"Umemwagika," Filbert akasema. "Limeshtuka. Bodi mbovu."

Telesia alishika kiuno. "We bosi! Huo mkangafu wa jana, umeshachacha, unatoa povu wenyewe. Huo unamwagika hata ukiuweka madhabahuni. Mzee Hezekia kaunyakua kwa papara, hata hakuniuliza!"

Watu walicheka mpaka wakakaa juu ya magogo. Halfan, ambaye ulanzi hajawahi kuuonja, alikuwa ameanza kufungua bodi kutafuta kosa. "Astaghfirullah," akasema, "karibu nimfukuze msaidizi kwa sababu ya pombe yenu."

Telesia akaleta mtogwa, ulanzi uliogemwa asubuhi hiyo, mtamu, haujui kupanda povu. Tukarudia. Taa, hesabu, kila kitu. "Bonyeza, mwanangu!" Toroli likasimama palepale pa mwanzo, na mbeta haukutoa hata tone. Tukarudia tena, palepale. Vigelegele! Nilimkumbatia Halfan, nikamkumbatia na Filbert pia, Mungu anisamehe. Elina akauchukua ule mbeta, akaunywa wote.

"Haya, tunanunua," Filbert akasema. "Mtalaza bodi ya zamani wapi?"

"Bodi ya zamani ndiyo hii hii," Halfan akamjibu, akifunga sanduku. "Sikubadilisha bodi. Kiti cha msaidizi, hapa nilipomchomeka, kilikuwepo tangu ilipotoka kiwandani kwao, kitupu. Bodi hii huuzwa hivyo kwa anayetaka nafuu. Mwenye kuagiza ndiye anayechagua."

Elina bado alikuwa ameshika mbeta mtupu. Alimgeukia Filbert, akamwuliza taratibu, kwa adabu, kama mtoto anavyomwuliza baba:

"Baba, nani alichagua kiti kibaki kitupu?"