Springi za Mtaa Mzima

Raelene Pascoe aliingiza stendi ya pili chini ya gari, akateremsha jeki taratibu mpaka uzito wote ukakaa, kisha akalisukuma gari kwa bega. Halikutikisika. Akalisukuma tena kwa nguvu zaidi, maana anayelala chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake ana haraka ya kwenda kuzikwa.

Ilikuwa saa moja asubuhi, mwezi wa Julai, na nyasi za uani zilikuwa bado nyeupe kwa baridi. Kwenye kioo cha mbele polisi walikuwa wamebandika karatasi nyekundu. Springi ya mbele kulia imekatika. Gari lisiingie barabarani isipokuwa kwenda kukaguliwa. Ukaguzi ulikuwa leo saa nane mchana, na nafasi nyingine ilikuwa baada ya wiki tatu. Kazi ya Raelene ni kuzunguka nyumba hadi nyumba akiwatoa wazee kitandani na kuwaogesha, nyumba sita kwa siku. Ofisi ilikuwa imemwandikia jana, kwa adabu kubwa, kwamba gari lisipopita leo wazee wake watapewa mtu mwingine kuanzia kesho. Hawakusema wanamfukuza. Siku hizi hakuna anayefukuzwa, unapunguziwa tu kazi mpaka inakwisha.

Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akifunga springi kama hizi katika kiwanda cha magari cha hapo mjini Elizabeth, mwendo mfupi kutoka uani kwake. Kule mashine ndiyo iliyokuwa ikiikandamiza springi, naye kazi yake ilikuwa kukaza nati. Kiwanda kikafungwa, mashine zikapigwa mnada, na watu wa mtaa wakabaki na magari waliyoyaunda kwa mikono yao, yakizeeka pamoja nao. Springi mpya sasa zinatoka ng'ambo na bei yake haishikiki.

Lakini mtaa ulikuwa na jozi yake. Marehemu Wally wa nyumba ya kona alifunga springi mpya wiki chache kabla moyo wake haujasimama, na mjane wake alipoliuza gari kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, alizitoa kwanza akawapa majirani. Tangu hapo, mtu ambaye springi zake zimelegea na gari limeinama kupita sheria huzifunga hizo siku ya ukaguzi, akapita, akazirudisha. Hakuna aliyejivunia jambo hilo, na hakuna aliyewahi kulikataa.

Zlatko, jirani wa upande wa pili wa barabara, aliingia uani na springi moja kila mkono.

"Hizi hapa, dada. Ila kesho saa tatu asubuhi nakaguliwa mimi, usije ukanisahau."

"Nikusahau vipi na domo hilo?"

"Nakukumbusha tu. Gari langu liko juu ya stendi na zangu nimeshazichomoa. Kule kwenye kiwanda cha kuku msimamizi kasema nikikosa zamu moja tena nisijisumbue kurudi."

"Jioni hii zinakuwa zako. Kesho asubuhi nitajikongoja kwa basi; ukishapita unanirudishia mpaka nipate zangu. Sasa shika hapa, na uso wako uuweke kando."

Waliichomoa shokapu ya kulia pamoja na springi yake, wakailaza juu ya gunia. Hata springi iliyokatika ina nguvu ya kumvunja mtu. Raelene aliivika kibanio cha kwanza cha kuikandamizia, akaivika cha pili mkabala nacho, akaanza kukaza kwa spana: nusu mzunguko huku, nusu mzunguko kule.

"Kaza bwana," alisema Zlatko. "Kwa mwendo huu tutamaliza Krismasi."

"Barry naye alikuwa na haraka. Unaukumbuka mdomo wa Barry ulivyopasuka?"

"Barry alikuwa amelewa."

"Springi haikumuuliza."

Raelene hakuigusa nati ya juu mpaka springi ilipolegea kabisa kwenye kikalio chake na kuzunguka kwa kidole. Ndipo akaifungua, akavilegeza vibanio vilevile, zamu kwa zamu. Springi ya Wally akaikandamiza kwa utaratibu uleule, akahakikisha ncha yake imekaa kwenye shimo lake, akafunga nati kwanza ndipo akaiachia. Kisha wakahamia kushoto. Saa sita gari lilikuwa limesimama kwa magurudumu yake, na mgongo wa Raelene ulikuwa ukimlilia. Alikula pai ya nyama akiwa amesimama, akaondoka.

Mkaguzi aliyempokea alikuwa Neville. Zamani, kiwandani, Neville ndiye aliyekuwa akikagua springi kabla hazijamfikia Raelene. Alilipandisha gari, akamulika tochi nyuma ya gurudumu.

"Hizi springi tunajuana," alisema. "Nimezipokea Machi, Mei, na wiki mbili zilizopita. Magari matatu."

"Ni nzima?"

"Nzima kabisa."

"Sasa?"

"Rae, usinitie matatani. Kuna waraka mpya. Springi ikishukiwa kuhamahama, inachorwa namba ya gari. Nikizichora unapita sasa hivi. Ukikataa naandika umefeli, tuonane wiki tatu zijazo." Alikuwa ameshakishika kidude cha umeme chenye ncha ya sindano.

"Kwenye chuma chenyewe? Neville, si wewe uliyekuwa ukizitupa zenye mkwaruzo mwembamba kama unywele? Uliwahi kuirudisha kreti nzima!"

"Nakumbuka."

"Ulituambia ufa unaanzia kwenye mkwaruzo."

"Nimesema nakumbuka." Aliitupia jicho kamera iliyokuwa juu ya mlango. "Kule walinilipa nijue. Hapa wananilipa nifuate."

Akilini mwake Raelene alimwona Zlatko, gari lake juu ya stendi, springi zake chini. Akamwona pia Bi Edna wa miaka tisini na moja, ambaye kila asubuhi humsubiri kitandani kwa sababu hawezi kufika chooni bila mkono wa mtu. Aliona haya, na haya hiyo ilichanganyika na hasira, kwa sababu hakuwa ameiba kitu cha mtu.

"Chora," alisema.

Kidude kililia kwa dakika mbili hivi, kulia kisha kushoto. Neville akaibandua karatasi nyekundu, akampa cheti kilichosema gari hili ni salama kwa barabara. Hakumtazama usoni.

Zlatko alikuwa akimngoja barabarani, vibanio ameshavifuta na kuvipaka mafuta. Raelene hakuzungusha maneno. Alimweleza hapohapo, kabla hajafunga mlango wa gari.

"Namba gani?" aliuliza Zlatko.

"Yangu. Zote mbili."

"Basi tutaisaga. Grenda ninayo."

"Ukiisaga unaongeza kidonda. Siwezi kukufungia kitu hicho uende nacho kilometa themanini kwa siku."

"Ungekataa."

"Ndiyo. Ningeweza kukataa."

Zlatko aliviweka vibanio juu ya boneti, kimoja kimoja. "Umenimaliza, dada," alisema, na sauti yake haikuwa na hasira, jambo ambalo Raelene alilionea uchungu zaidi.

Raelene aliuchomoa ufunguo wa gari, akamnyooshea.

"Zamu yako inaanza saa ngapi?"

"Saa kumi jioni."

"Mimi namaliza saa nane na nusu. Utalichukua hili. Ulirudishe kabla sijatoka asubuhi."

"Nikisimamishwa je?"

"Usimamishwe kwa lipi? Lina cheti." Raelene aliinama karibu na gurudumu la kulia. "Njoo uone. Kila siku kabla hujawasha, kata usukani, ingiza mkono hapa. Mzunguko wa tatu kutoka juu. Papasa hapo penye namba kwa ukucha, taratibu, mpaka mwisho. Ukucha ukinasa, usiondoke. Kushoto hivyohivyo."

Zlatko alipiga magoti kwenye lami, akaingiza mkono mpaka begani, akafumba macho.

"Unasikia ufa?"

Alipapasa tena, tangu namba ya kwanza hadi ya mwisho.

"Bado," alisema.