Fomu Chini ya Chupa ya Chai

Shule nzima ilimwita Kichwa, na mwalimu wake wa hesabu alijivunia kichwa hicho utadhani yeye ndiye aliyekizaa. Kwenye kikao cha wazazi alisimama, akakohoa, akatangaza kwamba analea vipaji. Mama yake Kichwa, fundi cherehani, alipiga makofi mpaka viganja vikamuuma.

Malezi yenyewe yalikuwa hivi: Kichwa alisahihisha madaftari sitini ya darasa zima, akaandaa masomo ya wiki, akajaza ripoti. Mwalimu aliweka saini, akarudi kwenye chai yake. Mwaka mzima msichana hakufundishwa hata kitu kimoja asichokijua, na hilo lilimkera kuliko uchovu.

Dawa ilikuwepo. Fomu ya kujiunga na darasa la watoto wenye vipaji, kwenye shule kubwa yenye maabara, ilikuwa imelala chini ya chupa ya chai ya Mwalimu tangu muhula uliopita. Mwisho wa kuipeleka ulikuwa Ijumaa, na lazima ipite kwake.

"Mwalimu, ile fomu yangu."

"Una haraka gani, mwanangu? Bado unahitaji kulelewa."

Alhamisi Mwalimu alikuwa na safari zake. "Makaratasi yote ya mezani nijazie," alimwambia. "Nitasaini kesho."

Kichwa alikuwa mtoto mtiifu. Alinyanyua chupa, akajaza yote.

Kesho yake Mwalimu alisaini bila kusoma hata mstari mmoja, na karani akayapeleka.

Wiki mbili baadaye mwalimu mkuu aliwaita wote wawili ofisini, akavaa miwani, akasoma nakala ya fomu polepole, makusudi kabisa.

"'Shule inamsaidiaje mtoto huyu?' Umejibu: 'Haimsaidii. Yeye ndiye anayeisaidia shule.' 'Umebakiwa na nini cha kumfundisha?' Umejibu: 'Sina. Mimi mwenyewe niliishia kwenye hesabu za sehemu.'" Akavua miwani. "Wamempokea. Wewe wamekusifu kwa ukweli wako."

Mwalimu aliikodolea macho saini. Ilikuwa yake, na mkia wake wote.

Kichwa alirudi darasani kufunga begi, furaha imemjaa. Mwalimu akamfuata. Msichana alitegemea kugombezwa, lakini Mwalimu alichungulia nje, akafunga mlango, akafungua daftari la juu kati ya yale sitini.

"Mwanangu, kabla hujaondoka," akanong'ona. "Hili swali la saba linafanywaje?"

Kichwa akaweka begi chini, akaanzia kwenye sehemu.