Mkono Ulioshukuriwa

Nchi ya Uwanda ilikuwa tambarare tupu toka ncha hadi ncha, na juu yake jua lilikaa kama mgeni asiyejua kuaga. Hapo kale ilikuwa na miti, mikuyu na mikwaju ya kumtosha kila mtu kujinyoosha baada ya chakula cha mchana. Lakini watu saba wa mji wa Kilele waligundua kwamba kitu kinachopatikana kila mahali hakimpi mtu heshima, wakaikata miti yote kwa jina la maendeleo, wakafuma turubai moja kubwa la hariri, wakalitundika juu ya viti vyao saba, na tangu hapo wakajiita Mabwana wa Kivuli. Kivuli kikawa cheo. Mtu aliyefanya kazi nzuri aliruhusiwa kusimama ukingoni mwa turubai kwa muda wa kumeza mate mara tatu. Aliyefanya vizuri zaidi aliruhusiwa kuingiza bega moja. Na Mabwana walipoondoka, watumishi walilikunja turubai lile wakalifungia ghalani, kivuli chake kisije kikamwangukia mtu asiyestahili.

Kila Jumamosi asubuhi turubai lilitandazwa upande wa mashariki wa uwanja wa Kilele, jua likiwa mgongoni mwa Mabwana, ili watazame mchezo wa mrusho, ambao watu wa Uwanda waliupenda hata wakasahau kuulizia miti yao. Timu mbili za watu kumi na mmoja hugombea mpira wa ngozi wenye umbo la papai. Mrushaji husimama nyuma ya wenzake waliojipanga kama ukuta, huwaambia nani akimbilie wapi, kisha humrushia mmoja wao. Timu ikivuka mstari wa majivu katika majaribio manne hupewa manne mengine ya kufikia mstari unaofuata, hivyo hivyo hadi mstari wa bao. Ikishindwa, zamu imekwisha. Kila timu ina zamu tano, saa haihesabiwi, na kwa kuwa Kilele walipenda marusho marefu ya kuwaacha watu vinywa wazi, mchezo ulianza saa mbili na kabla ya saa tano Mabwana walikuwa mezani wanakula.

Walikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, hakuna matokeo mpaka Bwana Mkuu, akiwa kitini, apunge kitambaa cheupe. Ya pili, Bwana anayeinuka kabla ya zamu ya mwisho kwisha, kiti si chake tena. Hii ya pili walimtungia mwenzao mmoja aliyekuwa na ugonjwa wa tumbo, wakampokonya kiti siku hiyo hiyo wakampa mtu mwingine, na wote waliiona kuwa ni sheria nzuri sana.

Mrushaji wao kwa misimu kumi na saba alikuwa Sengo Matari. Mkono wake wa kulia ulikuwa ukivusha mpira nusu ya uwanja, na kila bao Mabwana walilipokea kwa kuinua vidole viwili, maana kupiga makofi kungewatoa jasho. Kisha bega likachanika. Akapumzishwa, akarudi, likachanika tena. Kilele hawamfukuzi mchezaji, humshukuru. Sengo alisimamishwa katikati ya uwanja, akavishwa joho zito la sufi katika jua lile la kukaanga mayai, na Bwana Mkuu Kedi akasoma shukrani ndefu, tamu, zilizojaa maneno kama hazina na kielelezo. Hotuba ilipokwisha, hakuwa na timu. Aliyekwisha kushukuriwa haruhusiwi kugusa mpira, kwa maana akiugusa vizuri ataonekana alishukuriwa mapema.

Miaka miwili alikaa nyumbani. Kila Jumamosi alfajiri vidole vilimcheza vyenyewe juu ya shuka, vikitafuta mshono wa mpira. Hakukosa usingizi kwa ajili ya vigelegele. Alichokikosa ni ule mduara wa watu kumi na mmoja walioinamiana vichwa kabla ya kila rusho, pumzi zao za moto usoni mwake, wote wakingoja neno lake. Hilo hakumwambia mtu, kwa sababu mtu mzima hulionea haya.

Siku moja mchana alibishiwa hodi na mwanamke mfinyanzi, mwembamba, mwenye sauti ya chini, aliyebeba kibuyu cha togwa. Alikuwa Bi Nyange, mwalimu wa timu ya Makombo. Makombo ulikuwa mji ulioanzishwa na watu walioachwa na miji mingine, na timu yake ilikuwa hivyo hivyo: mmoja jicho moja, mwingine alifukuzwa kwa kunenepa, wa tatu kwa kuuliza maswali. Msimu mzima uliopita walipata mabao mawili, na moja walipewa kwa huruma.

Walikunywa togwa kwanza. Kisha Bi Nyange akasema shida yake, na Sengo akatikisa kichwa kabla hajamaliza.

"Umechelewa kuja, mwalimu. Mkono umekwisha."

"Mikono tunayo mingi, kaka yangu, na haijui pa kwenda. Mimi natafuta mtu anayejua mpira uende wapi."

Sengo aligeukia ukuta, maana machozi yalimjia na hakuyatarajia. Kwa miaka kumi na saba watu walikuwa wameusifu mkono wake, na hapo ndipo alipotambua kwamba hakuna aliyewahi kumwambia kuwa alikuwa anajua jambo. Jioni hiyo alifungasha nguo zake mbili, joho la shukrani akamwachia jirani afunikie mahindi.

Bi Nyange alipeleka Kilele ombi la kumchezesha Sengo, na Bwana Mkuu Kedi alicheka hadi akafutwa uso na watumishi wawili. Mabwana wengine walitaka kukataa, lakini Kedi alikuwa na ukarimu wa paka mbele ya panya.

"Mkono ule tuliukamua wenyewe," alisema. "Hauna hata tone. Mleteni, watu wacheke."

Karani Lumbi, mtunza Daftari la Wachezaji, akaandika masharti. Mechi moja tu, dhidi ya Kilele. Sengo akishinda, jina lake litarudi katika ukurasa wa wanaocheza. Asiposhinda, litafutwa kwa mkaa, na mtu atakayemrushia hata embe atafungwa.

Siku ya kwanza ya mazoezi, Sengo alitaka kuwaonyesha wenyeji wake kwamba hawakupotea njia. Akavuta pumzi, akajaribu kuurusha mpira mbali kama zamani, bega likalia kama mlango mkavu, na mpira ukaanguka hatua kumi na tano mbele ukabingirika kwenye matope ya kisima. Hakuna aliyecheka, na hilo lilimwuma kuliko kuchekwa. Aliyeuendea ni Hiza, mchezaji mmoja mwenye punda wa kubebea maji, mtu wa miguu mifupi na mikono mipana. Aliufuta kwa kanzu yake, akaurudisha mkononi.

"Kaka Sengo," alisema, "maji ya mji mzima mimi nayabeba mtungi kwa mtungi. Nirushie hapa hapa karibu. Nitasogea kidogo, kisha utanirushia tena."

Ndivyo Makombo walivyojifunza mrusho wao. Hatua nne, hatua tano, hatua tatu. Mpira ukitoka mkononi kabla adui hajajua nani anao, ukienda kwa mtu ambaye hakuna anayemdhania. Sengo alikuwa akiyaona macho ya mlinzi, akajua atakwenda kulia kabla mlinzi mwenyewe hajaamua. Utu uzima dawa, na dawa hiyo alikuwa nayo tele, ila Kilele hawakuwahi kumtaka ainywe. Kila jioni wanawake wa Makombo walimchemshia maji ya chumvi, wakamkanda bega kwa mafuta ya nyonyo huku wakimtania kwamba alikuwa mzito kama sifa zake. Aliwashukuru kila siku, kwa majina yao, mmoja mmoja, mpaka wakamwambia inatosha. Haikumtosha yeye. Mtu aliyewahi kutupwa anajua thamani ya kuambiwa njoo.

Jumamosi ilipofika, Kilele walikuja na mrushaji wao mpya, Pazi, kijana mrefu, mzuri wa sura, mwenye mkono kama ule wa Sengo wa zamani. Zamu yao ya kwanza ilikuwa rusho moja tu, refu, la ajabu, na bao. Mabwana wakainua vidole viwili. Kisha Makombo wakaanza kusogea. Hatua nne, mduara. Hatua tano, mduara. Hatua tatu, wakakosa, wakajaribu tena. Watu walizomea, wengine wakasinzia. Zamu hiyo moja ilikula muda ambao Kilele walikuwa wamezoea kumalizia nusu ya mchezo, na haikuzaa bao. Pazi akarusha tena, bao. Makombo wakasogea tena kama siafu, na safari hii wakafika. Pazi akapata la tatu, na zamu ya tatu ya Makombo ikaishia njiani. Bi Nyange aliwapa maji tu.

Saa tano ikapita, saa sita ikapita, na jambo likatokea ambalo hakuna Bwana aliyewahi kuliona akiwa kitini: jua lilivuka utosi, likaanza kuteremkia magharibi, likaingia chini ya turubai kwa mbele. Kwanza liliwashika viatu. Kisha magoti. Kisha likapanda hadi usoni, na hariri ile ya juu haikuwa na msaada wowote, kwa maana kivuli chake kilikuwa kimeruka ukuta kikaenda zake nje, barabarani, walikokaa wauza maji na wauza karanga. Mabwana wakavuta viti, viti vilikuwa vimejengewa. Wakatazamana. Kila mmoja aliikumbuka sheria, na kila mmoja aliona mwenzake akimchungulia kama atainuka. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na hawa walikuwa saba ndani ya kimoja.

Zamu ya nne Pazi alipewa amri ya kuharakisha, akaharakisha, mpira ukaenda nje. Makombo wakasogea, wakafika. Mabao mawili kwa matatu. Zamu yake ya mwisho Pazi aliurusha mpira jua likiwa machoni, ukadakwa na mtu wa Makombo mwenye jicho moja. Ikabaki zamu moja tu, ya Sengo, na ingetakiwa ilete mabao mawili, maana Kilele wana kanuni kwamba anayefunga katika zamu ya mwisho huendelea hadi akosee.

Makombo walipofunga la kwanza, wakawa sawa. Hapo mpiga mbiu wa Kedi alikuja mbio uwanjani, jasho likimtiririka, akamvuta Sengo kando. Ujumbe ulikuwa mtamu. Bwana Mkuu anasema rusha marefu, tumalize. Ukikosa, jina lako halitafutwa. Litarudi daftarini, timu yoyote uitakayo, na utakaa chini ya turubai, mabega yote mawili.

Sengo hakuwa malaika. Neno daftari lilimpiga moyoni, akaona misimu mingine miwili, mitatu, bila hofu ya mkaa. Akamtazama Bi Nyange, naye akatazama pembeni, amwachie uamuzi wake. Akaitazama timu yake. Walikuwa wameinamiana vichwa tayari, vumbi limewafanya wote rangi moja, na katikati ya mduara walikuwa wameacha nafasi ya mtu mmoja.

"Mwambie Bwana Mkuu nimeshukuru," alisema. "Lakini mkono wangu ni uleule aliosema umekwisha. Marefu nitayatoa wapi?"

Akaingia mduarani. Hatua nne, hatua tatu, hatua tano. Bwana wa kwanza aliinuka akakimbilia maji, kiti kikapotea. Wa pili alizimia, wakabishana kama kuzimia ni kuinuka. Watatu waliondoka pamoja kwa mapatano ya kutosemana. Wa sita alikwenda akilia. Kedi alibaki peke yake, mwekundu, midomo imepasuka, kitambaa cheupe amejifunika kichwani. Mpira ulipofika hatua tatu mbele ya mstari wa bao, alisimama. Watu wake wanasema alisimama kukung'uta joho. Wengine wanasema walimwona akitazama mlango. Kwa vyovyote alikuwa wima Sengo alipoutupa mpira karibu, kwa chini, kama mtu anayemkabidhi mwenzake mtoto, na Hiza akaupokea kwa mikono yake mipana akaanguka nao upande wa pili wa mstari.

Uwanja mzima ukageuka kutazama kitambaa. Hakukuwa na mtu kitini wa kukipunga.

Sengo hakungoja. Hiza akamshika kiuno, wakatoka nje ya lango wakitafuta mahali pa kukaa. Barabarani kivuli cha hariri kilikuwa kimelala juu ya watu mia mbili, wa Kilele na wa Makombo, na mbuzi kadhaa. Watumishi hawakuweza kulikunja turubai kwa sababu hakuna Bwana wa kuwaamuru. Mama mmoja muuza karanga, ambaye hakuwahi kuingia uwanjani maishani mwake na hakujua huyu ni nani, alisogeza ungo wake.

"Kaa hapa, baba. Unaonekana umechoka."

Sengo alikaa chini, mabega yote mawili. Akamshika mama yule mkono.

Karani Lumbi aliwakuta hapo, daftari kwapani, kipande cha mkaa mkononi, joho limemganda mgongoni. Aliuliza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuwauliza wengi, kama jina alirudishe au alifute, maana ushindi haukupungiwa kitambaa, na kushindwa pia hakukutangazwa, na hakuna aliyebaki wa kumwagiza.

"Basi ngoja uagizwe, ndugu yangu," Sengo alimjibu. "Mimi Jumatatu nina mazoezi."

Karani alitazama juu kwenye turubai, akatazama vidole vyake vilivyochafuka. Kisha alivua viatu, akaomba asogezewe nafasi.