Kuhama Goli

Siku sita za juma Norris Entwistle hakuwa na mke. Alikuwa na mama fulani tu, aliyemvalisha soksi, akamkatia nyama vipande vidogo vidogo na kumwonyesha choo kilipo. Norris alimheshimu sana mama huyo, maana alilelewa vizuri. “Asante, mama,” alimwambia kila alipofungwa kifungo. Na Beryl, aliyeolewa naye miaka hamsini na sita iliyopita, alijibu “Haya, karibu,” kisha akaenda jikoni kufungulia bomba, maji yamwagike kwa kelele mpaka amalize kulia.

Lakini Jumanne alikuwa na mke.

Kila Jumanne, saa nne asubuhi, klabu ya Askerdale iliwafungulia wazee wa mji ukumbi ulio chini ya jukwaa kuu. Palikuwa na chai ya maziwa na biskuti, na picha za timu za zamani zimetandazwa mezani. Kulikuwa na mpira laini wa kupasiana huku mmekaa vitini, na mwisho mechi ya kale kwenye televisheni. Timu yenyewe ilikuwa imeshuka madaraja mpaka ikakosa pa kushukia, wala wazee hawakujali. Wengi walikuwa wajane, na wapo ambao hawakuwa wamefungua mdomo tangu Jumanne iliyopita.

Norris akishaingia mle ndani, akasikia harufu ya dawa ya kuchua na vitunguu vya kukaanga, kitu kilifunguka kichwani mwake. Alimshika mkewe mkono akasema, “Beryl, leo umependeza.” Basi, ni hayo tu. Siku nyingine aliongeza la pili. Beryl aliyabeba maneno hayo mpaka nyumbani na kuyala juma zima, akikwangua kama mtu anayekwangua ukoko.

Tabu ilikuwa moja, nayo ni mapumziko ya mechi.

Zamani za ujana wao, uwanja wa Askerdale haukuwa na viti nyuma ya magoli. Watu walisimama, na kila mtu alitaka kusimama nyuma ya goli ambalo timu yake inalishambulia. Kwa hiyo filimbi ya mapumziko ikilia, timu zikabadilishana upande, mashabiki nao walihama. Wanaume elfu kadhaa, kofia vichwani, waliuzunguka uwanja kutoka upande wa Reli kwenda upande wa Mfereji. Waliita kuhama goli. Huko upande wa Mfereji palikuwa na kibanda cha pai, na aliyeuza humo mwaka wa sitini na moja alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, mwenye nywele nyekundu. Msichana huyo ndiye Beryl.

Jukwaa la Mfereji lilibomolewa, miaka ishirini sasa. Pale pamekuwa maegesho ya magari ya duka kubwa, na ili ufike unavuka barabara mpya ya malori. Mara mbili Norris alikuwa amenyanyuka wakati wa mapumziko akaenda zake huko, na mara mbili wakamrudisha.

“Bi Beryl, bosi wangu ameshasema,” alisema Kirsty, binti wa klabu aliyewasimamia wazee. “Mara ya tatu hatutaweza kumpokea tena. Sisi tuko wawili, wazee ni ishirini na wanne, na ile barabara mwenyewe unaiona.”

“Sitamwachia mkono.”

“Hata ukienda chooni?”

“Siendi. Nitajikaza.”

Kirsty alicheka, na Beryl akacheka naye. Lakini tangu siku hiyo, Jumanne asubuhi hakunywa hata maji.

Jumanne moja Norris aliamka vizuri. Walipokuwa wanatazama mechi, Alf Shuttleworth akajisukuma na kiti chake cha magurudumu mpaka karibu yao. Alf alikuwa na miaka tisini, na nguvu zake zote zilikuwa zimehamia mdomoni. Zamani alikuwa mwamuzi wa mechi za Jumapili.

“Norris! Bado mama huyu anakuvumilia?”

“Nyamaza, mwamuzi kipofu wewe,” Norris akamjibu papo hapo. “Ile penalti ya mwaka wa sitini na tatu hata mbwa wangu aliiona.”

“Mbwa wako alicheza vizuri kuliko wewe.”

“Na alinuka kidogo kuliko wewe!”

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Norris naye alicheka, machozi yakamtoka, kisha akamgeukia mkewe, akamtazama vizuri.

“Beryl, kipenzi, niletee chai. Sukari vijiko viwili, na usinibanie.”

Alikuwa amemwita jina lake, tena mbele za watu, na juu ya hayo kumwita kipenzi. Beryl akasimama kama msichana aliyeitwa kucheza dansi. Meza ya chai ilikuwa hatua kumi tu. Akatia kijiko cha kwanza, akatia cha pili, na kwa furaha akatia cha tatu. Hapo ndipo alipogundua kwamba mkono alioahidi kutouachia ameuachia.

Nyuma yake filimbi ikalia.

Kwenye televisheni kipindi cha kwanza kilikuwa kimekwisha, na Alf, ambaye siku zote alitembea na filimbi yake mfukoni, alishindwa kujizuia. “Mapumziko!” akapaza sauti, kifua mbele. Beryl alipogeuka, kiti cha Norris kilikuwa kitupu na mlango unarudi polepole kujifunga.

Kirsty alikuwa amempeleka mzee mmoja chooni. Beryl hakupiga kelele. Akiwahi kumrudisha kabla Kirsty hajatoka, nani atajua? Akaenda na goti lake bovu, akavuka barabara, lori likampigia honi na dereva akamtukana.

Alimkuta amesimama kati ya vitoroli vya duka, kofia mkononi, anajichana nywele kwa vidole.

“Samahani, mama,” Norris akasema. “Kibanda cha pai wamekihamishia wapi?”

“Kilibomolewa, Norris. Twende, chai yako inapoa.”

“Kuna binti pale, mwenye nywele nyekundu. Nimemwahidi nitakuja.”

Angemshika mkono tu wakarudi. Baadaye alijiambia hivyo mara nyingi. Lakini Beryl alikuwa na kitu kimoja alichokiweka miaka hii yote ya ugonjwa bila kukigusa, kwa kuogopa kwamba akikitumia na kikishindwa hatabaki na kingine. Na dakika tano tu zilizopita alikuwa ameitwa kipenzi.

“Norris,” akasema, “nitegee kile kitendawili chako.”

Macho ya mzee yakang’aa.

“Kitendawili!”

“Tega.”

“Kila mtu anamkimbilia, na akimpata anampiga teke.”

Mtu yeyote angejibu mpira. Lakini siku ile ya mwaka wa sitini na moja, foleni ndefu nyuma ya Norris inapiga kelele za pai, msichana wa kibandani alijibu, “Mke wa mtu wa Askerdale.” Hakuwa anatania, maana alikuwa ameyaona nyumbani kwa baba yake na alijua anachosema. Foleni ikacheka. Norris hakucheka. Aliinama karibu ya kidirisha akasema polepole, “Wangu sitampiga.” Na hakumpiga, mpaka leo. Kisa hicho hata watoto wao hawakupata kukisikia.

“Mke wa mtu wa Askerdale,” Beryl akajibu.

Uso wa Norris ukajikunja.

“Nani kakwambia?”

“Ni mimi, Norris. Nitazame. Mimi ndiye niliyekujibu.”

“Muongo! Hilo ni la Beryl peke yake. Amekwambiaje wewe? Umemfanya nini?” Akamshika mabega. “Umempeleka wapi, mama? Sema!”

Beryl akanyoosha mkono amguse shavu. Norris akamsukuma kwa nguvu zote za mtu anayepigania mkewe, na Beryl akaanguka katikati ya vitoroli. Hakuumia sana, goti tu na kiganja. Norris hakumtazama. Alikuwa anaita juu ya kichwa chake, “Beryl! Beryl!” kwa ile sauti tamu ambayo mkewe aliingojea juma zima, huku akitafuta kule magari yalikoegeshwa.

Ng’ambo ya barabara Kirsty alikuwa amesimama, mkono mdomoni.

“Nimeona, Bi Beryl,” alisema waliporudi ukumbini, akimfuta damu kiganjani. “Siwezi kusema sikuona.” Alikuwa analia kuliko Beryl. Alf akaiweka filimbi yake mezani, akaisukuma mbali. Kikombe kile cha vijiko vitatu kilikuwa palepale, kimefanya utando.

Jumanne iliyofuata Norris aliivaa skafu yake mwenyewe. Beryl alikuwa ameshafunga mlango wa mbele na kutia ufunguo kwenye mfuko wa aproni. Alimkalisha dirishani, naye akatulia kama mtu anayetazama mechi. Ilipofika saa tano unusu, saa ya mapumziko, hakuna aliyepuliza chochote, ila Norris alisimama, akavaa kofia na kwenda kukishika kitasa.

“Mama, nifungulie. Wenzangu wanahama.”

“Kaa kidogo, Norris.”

“Atadhani sikuja. Tafadhali, mama. Wewe humjui binti huyu. Akisema atanisubiri, anasubiri kweli.”

“Najua,” Beryl akasema.

Akaketi kwenye ngazi ya chini, goti lililofungwa bandeji amelinyoosha, mkono mfukoni juu ya ufunguo, akamngoja achoke kugonga.