Pango la Mlango Mmoja

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe tisa mwezi wa tatu, asubuhi, pale msimamizi wa jengo alipoingia bila hodi chumbani kwa fundi lipu na kukuta masanduku matatu ya vioo juu ya kabati.

"Mzee, umefungua bustani ya wanyama?"

"Ni mijusi wa marehemu mke wangu."

Walikuwa majike watatu wenye madoadoa kama chui na mikia minene. Marehemu alimpa kila mmoja sanduku lake, na mdogo wao akamwita Kidoti. Mumewe alikuwa akimtania kwamba kawafunga kama mahabusu, naye alijibu, "Baba, hawa si kuku," akacheka, yakaishia hapo.

"Kamati imepitisha," alisema msimamizi. "Chumba kimoja, sanduku moja. Ukikaidi, uhame na ukaidi wako."

Yeye mwenyewe alifuga mbwa wawili, kila mbwa na banda lake. Sheria ni msumeno, husema wakubwa, ila mpini wameushika wao.

Fundi akafanya analolijua. Alikoroga saruji na mchanga, akajenga pango dogo, akalipiga lipu laini kama ukuta wa sebule. Akaliacha na mlango mmoja tu, kwa kuwa nyumba ya watu wanaoelewana, kwa akili yake, ina mlango mmoja. Akaliweka ndani ya sanduku moja, juu ya kimkeka cha umeme kinachotia joto, akawaingiza wote watatu.

Wakalala wamepandana. Mzee aliwatazama, moyo ukamlegea. Hata yeye na mkewe walilala hivyo kwenye kitanda chembamba. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi, aliona kuna kitu alichokifanya kikafaa.

Mwezi wa tano shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuja kumjulia hali. Hata hakuketi.

"Shemeji, mbona mkia wa Kidoti umekuwa uzi?"

"Uzee."

"Uzee gani! Dada kamtotoa mwenyewe, huyu bado msichana." Akainama kiooni. "Wamepandana hivi kila siku?"

"Wanapendana."

"Wanapendana wapi, shemeji yangu! Wanagombea joto. Huyu mnene kaziba mlango, Kidoti akisogea anang'atwa. Bila joto, hata akila nyenje, tumbo halisagi. Anamaliza akiba ya mafuta ya mkiani. Hawa kila mtu na kwake, dada aliniambia."

"Mbona mimi hakuniambia?"

"Ulimuuliza?"

Mzee alifunua sanduku. Aliinua pango. Yule wa tatu, mpole, ambaye hawakuwahi hata kumpa jina, alikuwa amekauka kwenye kona, mwepesi kama ganda la karanga. Mnene akaruka, akamshika Kidoti. Mkia ukakatika, ukabaki ukifurukuta peke yake mchangani. Shemeji akaziba mdomo kwa upande wa kanga.

Mzee alimtoa Kidoti, akamweka kwenye sanduku lake la zamani, akalikumbatia, akashuka nalo ngazi hadi ofisini.

"Sanduku la pili hilo," alisema msimamizi, bila kuinua uso.

"Mmoja kafa. Huyu yuko njiani."

"Pole. Lakini sheria si yangu, ni ya kamati."

"Kamati ni nani?"

"Kamati ni kamati, mzee."

"Mliniambia niwachanganye!"

"Tulikuambia sanduku moja. Kuwachanganya ni akili yako."

Neno hilo lilimwingia kama msumari kwenye ubao mbichi. Aliinamia sanduku. Ndani ya kioo Kidoti alikuwa amefumba macho, ubavu ukipanda na kushuka polepole, kidonda cha mkia kimeshika mchanga. Kule juu mnene alikuwa amejinyoosha katika joto lote, naye pia alilishwa kwa vidole vya marehemu.

"Basi niamulieni nyinyi wenye kuamua," alisema mzee. "Wakikaa pamoja, huyu anakufa. Wakitengana, mnanifukuza. Nimtupe yupi?"