Wa Kuipokea Filimbi

Kipindi cha pili kilikuwa kibichi bado pale kifua cha Kadi kilipombana. Alidhani ni kichomi tu, kile cha mtu aliyeshiba kisha akakimbia. Akapunguza mwendo, akajifanya anakagua kama mpira umetoka nje, akavuta pumzi. Pumzi ikaingia nusu, ikagoma.

Kadi lilikuwa jina la uwanjani, kwa vile alitoa kadi bila kupepesa macho. Siku za kazi alikuwa fundi cherehani, kutwa kitini, na kitambi kilimkuta hapohapo. Mpwa wake, binti ambaye leo alikuwa mshika kibendera, alimsumbua sana: "Mjomba, nikupitie asubuhi tukakimbie." Naye humjibu, "Mimi nimekimbia wewe bado unanyonya." Basi wanacheka, yanaisha.

Mpira ukapigwa mbele ghafla. Wachezaji wakatimka, na Kadi akatimka, au tuseme alikusudia. Alipofika katikati ya uwanja, mshambuliaji alikuwa tayari kaanguka kwenye eneo la hatari, na watu wote wamemgeukia mwamuzi. Kadi hakuwa ameona chochote ila migongo. Akamtazama mpwa wake, aliyekuwa sambamba na mpira kama kawaida yake. Binti akatikisa kichwa kidogo. Kadi akaonyesha mchezo uendelee.

"Mleteeni kiti huyo," shabiki mmoja akapaza sauti, na jukwaa likacheka.

Kifua kikabana tena, na safari hii mkono wa kushoto ukawa mzito mpaka vidoleni. Kadi akaogopa. Kelele za mashabiki alizizoea miaka mingi. Alichokiogopa ni kufa, pale pale kwenye nyasi, mbele ya watu wanaomcheka.

Dawa yake ilikuwa nyepesi: mwamuzi akishindwa, mwamuzi wa akiba anapokea filimbi. Akageuka kumtafuta mwamuzi wa akiba, na alipomwona ndipo jasho la baridi lilipomtoka. Alikuwa Kipara, rafiki yake wa kufa na kuzikana.

Kwenye mtihani wa mbio wa waamuzi mwaka huo, Kipara ndiye aliyeshika saa Kadi alipokimbia. Aliibonyeza kwa kuchelewa na kuisimamisha mapema. Zamu ya Kipara ilipofika, Kadi akalipa fadhila. Wote wakafaulu, wakaenda zao wakicheka mpaka machozi. Na Kipara alikuwa na presha; dawa zake alizimeza kwa kificho, na zaidi ya mkewe, Kadi peke yake ndiye aliyejua.

Akimpa filimbi, Kipara atakimbia. Hajui kusema hapana, hajawahi kujua. Kadi akajikaza kisabuni, akajaribu hatua chache zaidi. Mpira ukampita, hakuweza kuufuata. Hapo akapuliza filimbi, akajikokota hadi pembeni.

Kipara alishavua koti. Midomo ilikuwa imemkauka.

"Lete, ndugu yangu."

"Wewe hapana."

"Nani sasa? Sheria inasema mimi." Akatanguliza mkono.

Kamisaa wa mchezo akafika mbio. "Kuna nini hapa? Mpe filimbi mwenzako, upumzike."

Kadi angeweza kusema anaumwa, basi, heshima yake ibaki nzima. Lakini mkono wa Kipara ulikuwa bado pale mbele yake.

"Hawezi," akasema. "Kwenye mtihani wa mbio nilimdanganyia saa, naye akanidanganyia mimi. Filimbi mpeni mpwa wangu."

Binti alikuwa ameshafika. Alisikia yote. Uso wake ulibadilika, lakini alichouliza ni kimoja tu: "Mjomba, unapata pumzi?"

Kamisaa akamgeukia Kipara. "Ni kweli hayo?"

Kipara akaukodolea macho uwanja, goli hadi goli. Kukana kulikuwa rahisi, na angekana angekimbia.

"Kweli," akasema. "Tangu aliposhika kifua, mimi natetemeka."

Kamisaa akasonya, akampa binti filimbi, akaita mtu mwingine wa kushika kibendera. Wabeba machela wakamlaza Kadi, wakamwinua, wakashika njia ya kwenda kwenye gari la wagonjwa. Mkono wa kushoto Kadi hakuusikia tena.

"Kipara, usiniache."

"Niko hapa. Siendi popote."

Kipara alitembea ubavuni mwa machela, koti kwapani, kisha akaanza kukimbia kidogokidogo. Kadi akanyoosha mkono wake mzima amshike. Lakini wabeba machela walikuwa wepesi wa miguu, na Kipara alikuwa ameshaachwa nyuma, kajiinamia, anahema.